Jua la Utosi na Nyumba ya Giza: Kutengeneza Ufunguzi wa Filamu ya Kigothi Bagamoyo

Kazi tuliyopewa chuoni muhula ule ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: kila kikundi kitengeneze dakika mbili za mwanzo za filamu ambayo haijatengenezwa, ya aina ambayo kikundi chenyewe kimeichagua, na mtazamaji akizimaliza dakika hizo awe na hamu ya kuona zinazofuata. Wenzetu wengi walichukua mapenzi na visa vya wizi. Sisi tulichukua vitisho, na ndani ya vitisho tukachagua ule mkondo uliozaliwa Ulaya unaoitwa wa kigothi, wenye majumba makubwa ya mawe, warithi wasio na raha na vyumba visivyofunguliwa. Waliotuuliza kwa nini tuhangaike na vitu vya Wazungu ilhali majini na wachawi wa kwetu hawajatuishia walikuwa na hoja yao. Makala hii kwa kiasi fulani ni jibu langu kwao, maana baada ya kazi ile ninaamini kwamba Bagamoyo ina mali ya kigothi kuliko miji mingi ya huko mkondo huo ulikotoka, ila si mali ile ambayo watu hukimbilia kuipiga picha.

Wanachokikimbilia ni magofu. Mtu akisikia vitisho vikitajwa pamoja na Bagamoyo, mawazo yake huenda moja kwa moja Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji, ambako msikiti wa karne ya 13 umebaki kuta, na makaburi yenye minara yamesimama uwanjani yakiwa na mashimo ya duara palipokuwa pamepachikwa vibakuli vya kaure kutoka China. Kuna mbuyu, kuna kisima, na kuna mikoko iliyouziba ufukwe usionekane. Kwa kuhesabu vitu tu, hapo ndipo filamu ya vitisho ilipaswa kuanzia, na mpiga picha wetu alikuwa ameshachora kwenye daftari mpangilio wa shoti zake zote. Lakini kaa Kaole nusu siku uangalie kinachofanyika. Watu wanakwenda kwenye kaburi la Sharifa kuomba dua, wanavua viatu, wanasema kwa sauti ya chini kama mtu anavyosema mbele ya mkubwa wake, kisha wanaondoka wakiwa wepesi kuliko walivyokuja. Wafu wa Kaole ni wazee wetu, na mzee hata akiwa mkali hageuki kuwa zimwi.

Nilipolitafakari jambo hilo niliona kwamba tofauti iko kwenye uhusiano wa walio hai na gofu lenyewe. Hadithi za kigothi za Uingereza ziliota kwenye mabaki ya abasia, yaani nyumba za watawa, na ya ngome ambazo wasomaji wake walikuwa wameshaachana nazo. Walikuwa Waprotestanti wakitazama kuta za dini waliyoitupa, wakiogopa kwamba haijafa kabisa. Sisi hatujaachana na Kaole. Msikiti umebomoka, lakini swala iliyokuwa ikiswaliwa mle ndiyo hiyo hiyo inayoswaliwa leo mtaani. Gofu ambalo bado lina wenyewe haliwezi kutisha kwa namna ile, na kulilazimisha litishe ni utovu wa adabu kabla hata hatujafika kwenye suala la sanaa. Michoro ya Kaole ikawekwa kando.

Waandishi wa Kiswahili waliliona hilo zamani. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapwa mwaka 1960, anampeleka msomaji hadi mahali pa mizimu, anamwacha atetemeke kidogo, kisha anamkabidhi kwa Bwana Msa, ambaye kazi yake ni kumtafuta muuaji wa damu na nyama mwenye sababu zake za kuua. Mzimu unabaki kuwa pazia, na mwenye kutisha ni aliyejificha nyuma yake. Filamu nyingi za vitisho za Kibongo tulizokulia zimekwenda njia nyingine, ya kulitoa jini hadharani likiwa na meno, kucha na moshi, na sizidharau, kwa sababu nililala na taa ikiwaka kwa ajili yake. Ila jini lililoonekana katika dakika ya kwanza halina cha kuongeza katika dakika ya tisini.

Kwa hiyo tukarudi kusoma mkondo wenyewe umetoka wapi, na huko tukakuta kwamba jumba la mawe ni vazi tu. Mwingereza Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto, riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kigothi, mwishoni mwa mwaka 1764 alijifanya ni mtafsiri wa kitabu cha kale cha Kiitaliano, na kwenye dibaji akamlalamikia mwandishi huyo wa kubuni kwamba angetafuta funzo lenye manufaa zaidi kuliko hili alilolichagua, kwamba dhambi za baba hupatilizwa kwa watoto hata kizazi cha tatu na cha nne. Ni mzaha, lakini ni mzaha uliobeba mhimili wa kila kitu kilichofuata. Mtu amekalia mali isiyo yake, mali imeshuka kwa warithi, na jumba linajua. Mzimu katika hadithi hizo ni mdai. Ukiliondoa deni, unabaki na mtu aliyejifunika shuka.

Ukishalitazama hivyo, Bagamoyo inabadilika mbele ya macho yako. Huu ndio mji ambako misafara ya kutoka Ujiji na Tabora ilimalizikia katika karne ya 19, ambako pembe za ndovu zilishushwa mabegani na kupakiwa majahazini kwenda Zanzibar, na ambako watu pia waliuzwa. Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga soko lao Zanzibar, lakini biashara haikukatika siku ile. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika hapa mwaka 1868, walikuwa na kijiji kizima cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wajerumani wakaufanya mji huu makao makuu ya koloni lao hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, na mwaka 2006 Tanzania ikaiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Nyumba za mawe za mji mkongwe zilijengwa katikati ya mambo hayo. Nani alilipia mawe, nani aliyabeba, na mjukuu anayekaa mle leo amerithi kitu gani zaidi ya paa linalovuja? Hilo ndilo swali la kigothi, na halihitaji popo.

Hapa niweke tahadhari moja, kwa sababu hadithi za mjini hupenda kutia chumvi. Si kila nyumba ya Bagamoyo ilikuwa gereza, na si kila aliyeingia mjini na mzigo kichwani alikuwa mtumwa. Sehemu kubwa ya wapagazi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi ya ujira, wakaimba, wakagoma, wakadai posho zao. Filamu inayoonyesha mnyororo kwenye kila ukuta inawadhulumu hao mara ya pili. Kinachonitia hofu mimi ni kwamba mambo hayo mawili, ujira na utumwa, yalipita kwenye mlango mmoja na kuandikwa na karani mmoja.

Kuna mwenzetu aliyetaka tuanze na kisa cha Livingstone, na nakiri kinashawishi. Alifia Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, moyo wake ukazikwa huko huko, mwili ukakaushwa kwa chumvi na jua, na watumishi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao wakauchukua kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako ulifika Februari 1874 na kulazwa misheni usiku mmoja kabla ya kupelekwa Zanzibar. Maiti isiyo na moyo ikitembea miezi tisa kuelekea baharini: Ulaya nzima haikubuni kitu kama hicho. Tulikiacha kwa sababu tungekuwa tumewapa Wazungu tena nafasi ya mbele katika hofu yetu wenyewe, na pia, kwa kusema kweli, kwa sababu hatukuwa na bajeti ya msafara.

Tulichokiandika kilikuwa chembamba. Msichana anatoka Dar es Salaam kuja kupokea funguo za nyumba ya bibi yake, ambaye anahamia kwa mwanawe. Anatembea uchochoroni, anapiga hodi, anaingia, anapewa ufunguo, anafika kwenye mlango wa chumba cha chini ambacho enzi zile kilikuwa ghala. Hapo jina la filamu linatokea, Ghala, na dakika mbili zimekwisha. Nyumba tuliipata kwa mzee mmoja ambaye ukoo wake umekaa mle tangu kabla ya Wajerumani. Tulikwenda na barua ya chuo, tukamwamkia, akaitika, akatukaribisha barazani na kutuuliza nyumba yake tunataka kuifanya nini. Tulimjibu kwamba tunataka itishe.

"Wanangu," alisema, "nyumba hii inatisha wakati wa masika, paa likivuja. Siku nyingine zote ni nyumba tu."

Nyumba yenyewe ilituamulia mambo mengi kuliko sisi tulivyoiamulia. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukikaa kwenye kizingiti cha dirisha miguu yako haifiki nje. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwezi kubeba uzito huo zikipita urefu fulani, vyumba vya nyumba za namna hii huwa vyembamba, chini ya mita tatu hivi kwa upana, hata vikiwa virefu mara tatu ya hapo. Mpiga picha alilalamika kwamba hana pa kurudi nyuma. Lenzi pana ingemwezesha kuona chumba chote, lakini ingezipinda kuta na kuzifanya zionekane kama za kubuni, na sisi tulitaka mtazamaji aamini kila jiwe. Suluhisho likawa kupiga kwa urefu: kamera inasimama mwisho wa chumba kimoja na kutazama kupitia mlango hadi chumba cha pili, na kupitia mlango wa pili hadi kiini cha nyumba. Msichana anakuwa ndani ya fremu, iliyo ndani ya fremu, iliyo ndani ya fremu nyingine, na kila hatua anayopiga kuja kwetu anapita mlango mmoja zaidi. Athari hiyo ambayo watu wa studio huijenga kwa mbao na rangi tuliipata kwa sababu ya urefu wa mti wa mkoko.

Hata hivyo, uamuzi ninaoutetea kuliko yote ni wa saa. Karibu kila mtu tuliyemweleza kazi yetu alidhani tutapiga usiku. Usiku una gharama zake, taa na jenereta na watu wa kulinda vyombo, lakini gharama haikuwa sababu kubwa. Sisi sote wa pwani tumekua tukikatazwa na bibi zetu kucheza chini ya mbuyu saa saba mchana, kwa kuwa hiyo ndiyo saa yao wale wasiotajwa. Usiku una wachawi na wezi, yaani watu. Mchana wa jua la utosi, wakati mitaa imekauka, maduka yameshusha mapazia na hata mbwa wamejibana ukutani, ndio wenye kitu kingine. Sijui kama kuna pwani nyingine inayoogopa adhuhuri kuliko usiku wa manane, ila najua kwamba hofu hiyo imo ndani yetu tayari na hakuna haja ya kuiagiza kutoka kokote.

Tulipiga mwanzoni mwa Machi, kabla mvua za masika hazijaanza, na tarehe tulizichagua kwa makusudi. Bagamoyo iko nyuzi 6 na nusu hivi kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita juu kabisa ya mji mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye siku kumi za mwanzo za Oktoba. Siku hizo za Machi, mnamo saa sita na nusu mchana kwa saa zetu za ukutani, mtu aliyesimama wima uwanjani hana kivuli. Kipo, ila amekikanyaga. Msichana wetu anatembea uchochoroni bila kivuli, na hatukutumia hila yoyote ya kompyuta kukiondoa. Watazamaji wachache sana waliligundua hilo kwa macho, lakini wengi walituambia kwamba kuna kitu katika shoti ile hakijakaa sawa, jambo ambalo kwangu lilikuwa tamu zaidi kuliko kama wangekitaja.

Kisha likaja giza. Jicho la mtu likitoka juani na kuingia ndani huhangaika kidogo, halafu linazoea. Kamera haizoei mpaka uiambie. Tukaiweka kamera uani, ndani kabisa, tukaipimia mwanga wa nje na kuifunga hapo hapo isijirekebishe yenyewe. Matokeo yake ni kwamba uchochoro unaonekana vizuri kupitia mlango uliofunguliwa, hadi ukungu wa chokaa kwenye ukuta wa jirani, lakini kila kilichomo ndani ya nyumba ni cheusi tititi. Msichana anakuja kutoka mwangani, anavuka kizingiti, na kwa hatua moja anafutika. Anakuwa umbo, kisha hakuna. Hatukuzima taa kwa sababu hapakuwa na taa ya kuzima. Katika Nosferatu, filamu ya mnyonya damu ya Mjerumani F. W. Murnau iliyotoka mwaka 1922, matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha filamu ikatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji ajue kwamba ni usiku. Sisi tulifanya ujanja wa kugeuza hilo: tuliuacha mchana uwe mchana, tukauachia uchimbe giza lake wenyewe. Giza zito kuliko yote niliyowahi kulipiga nimelipata jua likiwa utosini, na bila kutumia hata betri moja ya taa.

Shoti inayofuata ndiyo tuliyobishania sana, na ndiyo ninayoipenda. Bibi, aliyechezwa na mama mmoja wa kikundi cha ngoma cha mtaani, ameketi kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha. Tunaona mikono yake tu. Anashika pindo la kanga, mahali palipofungwa fundo, na kuanza kulifungua. Kila Mswahili anajua kilichomo kwenye fundo la kanga ya bibi: ni hela, na anayesubiri mbele yake ni mjukuu anayetumwa dukani. Vidole vinazunguka fundo, ukucha wa kidole gumba umekaa hina iliyoanza kufifia, kitambaa kinagoma kwa sababu fundo ni la muda mrefu, na anapolilegeza tunaona alama ya kutu iliyojichora kwenye kanga, umbo la kitu kabla ya kitu chenyewe. Kinachotoka ni ufunguo. Fundo limekaa muda mrefu kiasi cha chuma kutia doa kwenye nguo, maana yake kanga hiyo haifuliwi, au inafuliwa bila fundo kufunguliwa. Hatukueleza. Mama yule ndiye aliyependekeza kwamba asimkabidhi msichana ufunguo mkononi, bali auweke kitandani kati yao na kuondoa mkono haraka. Msichana anasema, "Ahsante, bibi," na bibi hajibu. Mwalimu wetu aliona shoti ni ndefu mno kwa ufunguzi wa dakika mbili, na kwa vipimo vya darasani alikuwa sahihi. Mimi bado naona kwamba filamu nzima imo kwenye fundo lile, na ningepunguza uchochoro kabla ya kupunguza vidole.

Sauti tuliishughulikia kwa muda mrefu kuliko picha. Nje tulirekodi pikipiki kwa mbali, watoto, redio ya fundi cherehani na kunguru. Kuhusu kunguru niseme neno: katika filamu za Ulaya ndege mweusi ni bishara ya kifo, lakini kunguru wetu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na amekuwa kero ya majaa na vifaranga. Hakuna mtu wa Bagamoyo atakayemwogopa. Tulimtumia kinyume: yumo kila mahali nje, anachosha, na msichana anapovuka kizingiti ananyamaza. Tulianza kuishusha sauti ya mtaa kidogo kabla mwili wake haujaingia gizani, ili sikio lifike ndani kabla ya jicho. Zile kuta nene zilitusaidia, maana ndani ya nyumba ya matumbawe kimya kina uzito wake, na tulichokisikia kwenye rekoda tulipoomba watu wote watulie ni boriti zikilia taratibu kwa joto na maji yakidondoka kwenye mtungi. Hayo mawili ndiyo muziki wetu wote hadi kufikia mlango wa ghala.

Adhana ya adhuhuri iliingia kwenye rekodi, kwa kuwa saa tuliyoichagua ndiyo saa yake. Tulisimamisha kazi ilipoanza, kama ilivyo ada, lakini rekoda ilikuwa imeachwa wazi, na baadaye mhariri alipoiweka chini ya shoti ya uchochoro ilipendeza kupita kiasi. Niliikataa, na tulivutana. Filamu nyingi za kigeni huitumia adhana kumwambia mtazamaji kwamba amefika mahali pa hatari, na mtu wa pwani akilifanya jambo hilo kwa mji wake mwenyewe anakuwa ameazima macho ya mtu asiyemjua. Wito wa sala ukipigwa, bibi zetu huona afueni, hawapatwi na hofu. Ukitaka kuutumia kwenye filamu ya vitisho, labda uwe mahali ambapo mtu anaokoka. Ubani nao tuliuacha kwa sababu inayofanana na hiyo. Chetezo kingependeza sana kwenye mwangaza ule wa dirishani, lakini mtazamaji angedhani bibi ni mganga, na mganga akishaingia deni linasahaulika.

Majina ya watengenezaji tuliyaweka kwa herufi nyembamba nyeupe kwenye sehemu zile za fremu zilizomezwa na giza, na hatukuweka herufi zinazodondosha damu. Hakuna zaidi la kusema hapo.

Siku ya kuonyesha, mwenzetu wa kikundi kingine aliuliza swali nililolitarajia: mbona hakuna jini? Mwingine alisema hakuogopa, ila roho yake ilikuwa juu tangu fundo lilipoanza kufunguliwa. Ann Radcliffe, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kigothi, alizitenganisha hali hizo mbili katika maandishi yaliyochapwa mwaka 1826, miaka mitatu baada ya kifo chake: kuna hofu inayoipanua nafsi na kuziamsha hisia zote, na kuna kitisho kinachoibana na kuigandisha. Ya kwanza inahitaji kitu kisichoonekana vizuri, ya pili inahitaji kitu kilichowekwa mezani. Ufunguzi wa filamu, kwa maoni yangu, hauna haki ya kutumia ile ya pili. Mtazamaji aliyegandishwa dakika ya pili hawezi tena kutembea na wewe hadi mwisho.

Tatizo ni kwamba sasa tunaandika filamu nzima, na mlango wa ghala lazima ufunguliwe. Rasimu ya kwanza ilikuwa na minyororo ukutani. Tulimpelekea mzee mwenye nyumba aisome, kwa sababu tulimwahidi kwamba hatutaonyesha lolote juu ya nyumba yake bila yeye kujua, na pia kwa sababu wapo watu mjini watakaoamini kwamba ni kisa cha ukoo wake. Aliisoma hadi mwisho akiwa amevaa miwani ya mtu mwingine, akaikunja.

"Toeni minyororo," alisema. "Kila mgeni anayepita hapa anauliza minyororo ilikuwa wapi. Wekeni daftari. Mwenye minyororo alikuwa na daftari kwanza."

Tumelichukua, na limetuletea kazi mpya. Misafara mingi ya Bagamoyo iligharimiwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, ambaye maarufu kuliko wote ni Sewa Haji, na vitabu vya hesabu vya matajiri wa namna hiyo kwa kawaida viliandikwa kwa Kigujarati. Kiswahili cha karne ile, kwa upande wake, kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Vyovyote tutakavyochagua, msichana wetu atafungua daftari la deni lake na hataweza kulisoma, na mwandishi mwenzangu anaona hapo ndipo filamu inapoanzia hasa. Mimi naelekea kwenye herufi za Kiarabu, kwa sababu bibi anaweza kuwa anazisoma na akawa amenyamaza miaka yote hiyo. Tumempata mwalimu wa madrasa mwenye mwandiko mzuri aliyekubali kutuandikia kurasa chache, kwa sharti kwamba kilichoandikwa kiwe hesabu halisi ya vitu, uzito na majina, na kisiwe michoro ya kupendezesha kamera. Kwa hiyo wiki hizi badala ya kuandika maongezi tunatunga mizigo: frasila ngapi za pembe, doti ngapi za nguo, watu wangapi, na katika safu ya mwisho, kilichobaki hakijalipwa.